Kwa nini madaraka ya afya yalishuka hadi kijijini na ya kilimo yakabaki juu?

#1 Mzalendo_Njombe

Wanajamvi, salaam. Naomba tujadili jambo ambalo sijapata maelezo yake ya kuniridhisha. Kijijini kwetu kuna zahanati ya serikali yenye kamati yake, akaunti yake ya benki na muuguzi anayeishi papo hapo. Mtoto akifikisha umri wa chanjo, anachanjwa. Afisa ugani naye yupo, lakini anahudumia kata nzima, ofisi yake ni chumba alichoazimwa na mtendaji, na mkulima aliyevamiwa na viwavijeshi huishia kumwuliza mwenye duka la pembejeo, ambaye ana dawa ya kuuza hata kabla hajasikiliza shida yenyewe.

Halmashauri ni ile ile moja, na sheria iliyoipa wajibu wa afya ndiyo iliyoipa wajibu wa kilimo. Dai langu ni kwamba ugatuaji, yaani kushusha madaraka, umeshika katika afya na umekwama katika kilimo, na kwamba uhaba wa fedha peke yake hauelezi tofauti hiyo, kwa kuwa sekta zote mbili zimelia uhaba tangu nipate akili. Sababu ni nini?

#2 Karani_wa_Ushuru

Nimefanya kazi katika idara ya fedha ya halmashauri moja ya vijijini, nami nitajibu kwa upande ninaoufahamu. Zao ni mapato, ugonjwa ni gharama. Hakuna mtu wa makao makuu anayeng'ang'ania gharama, kwa hiyo ilishushwa kwa moyo mweupe. Mapato hayakushushwa hivyo.

Angalia ushuru wa mazao. Kwa miaka mingi ulikuwa tegemeo kuu la halmashauri nyingi za vijijini, na ulifika hadi asilimia 5 ya thamani ya zao. Mwaka 2017 Bunge likaupunguza hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, na sitaki kuonekana kama ninapinga nafuu hiyo, lakini halmashauri zilipoteza sehemu kubwa ya fedha ambazo zingeweza kumnunulia afisa ugani mafuta ya pikipiki. Afya kwa wakati huo ilikuwa na mfuko wa pamoja wa wahisani uliokuwapo tangu 1999, ukiingia katika halmashauri kila robo mwaka kwa mpango unaojulikana. Ukilinganisha mifereji hiyo miwili huhitaji kutafuta sababu mbali.

#3 Mkorosho

Ninaunga mkono #2 kwa mfano wa kwetu Kusini. Korosho tumeizalisha sisi, tunaiuza kupitia AMCOS zetu, yaani vyama vya ushirika vya msingi, katika stakabadhi ghalani, utaratibu wa kukusanya zao ghalani na kuliuza mnadani ulioanzia huku Mtwara msimu wa 2007. Huo ulikuwa ugatuaji wa kweli kwa kiasi chake, kwa sababu mkulima alikaa mnadani na akaikataa bei mbaya. Mwaka 2018 mambo mawili yakatokea ndani ya miezi michache. Kwanza, sehemu ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ilielekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Pili, mwezi Novemba, baada ya wanunuzi kutoa bei ndogo, serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba.

Wapo waliolipwa na wakashukuru, wapo waliosubiri sana. Hoja yangu haihusu nia ya uamuzi ule. Ninauliza ni lini mtu amesikia jeshi limetumwa kuchukua zahanati kwa sababu kamati ya kijiji ilishindwa kuafikiana na muuza dawa. Fedha za salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, zilipopungua, walioulizwa walikuwa bodi ya korosho na wizara. Halmashauri haikuwa na la kujibu.

#4 Mganga_Mstaafu

Ndugu zangu wa #2 na #3, maelezo yenu yana nguvu, lakini yanaifanya afya ionekane kama mtoto aliyeachwa mlangoni. Mimi nilikuwa katika timu ya afya ya wilaya miaka ya 1990, na ninajua kwamba kushika kwake kulifanyiwa kazi.

Chukueni mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Kanada katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia katikati ya miaka hiyo. Wilaya zilipewa nyongeza ndogo ya fedha, isiyozidi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka, na pamoja nayo zikapewa kitu ambacho hazikuwahi kuwa nacho: takwimu za nani anakufa na anakufa kwa nini, zilizokusanywa kaya kwa kaya na kuchorwa kwa namna ambayo timu ya wilaya iliweza kuisoma mezani. Walipoweka mchoro wa vifo kando ya mchoro wa bajeti, waliona kwamba malaria ilikuwa ikiua sehemu kubwa sana ya watoto huku ikipewa sehemu ndogo ya fedha. Wakahamisha fedha. Wakaweka vyandarua, wakawafundisha wahudumu wa zahanati kumtibu mtoto kwa kumwangalia mzima mzima, badala ya kuandama dalili moja moja. Katika miaka michache iliyofuata, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Ninachosema ni kwamba madaraka yalishika kwa sababu aliyepewa madaraka alipewa pia macho. Niambieni ni halmashauri gani imewahi kupewa mchoro wa aina hiyo kwa kilimo chake, unaoonyesha gunia linapotelea wapi kati ya shamba na ghala na ni shilingi ngapi zimetengwa kwa upotevu huo.

#5 Dada_wa_Zahanati

Shikamoo, Daktari. Mimi niko kazini sasa hivi, na naomba nipunguze kidogo sifa ambazo sisi wa afya tunapewa humu. Zahanati yenye jengo na muuguzi bado inaweza kukaa wiki nzima bila dawa ya presha. Hilo litambuliwe kwanza.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo lilibadilisha kazi yangu, nalo ni akaunti. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinatumwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, bila kupita mezani kwa halmashauri. Kamati inakaa, tunaandika mpango, mwenyekiti wa kamati ambaye ni mkulima wa kawaida anatia saini. Dawa zikikosekana Bohari ya Dawa, tunaomba kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, chini ya utaratibu wa Jazia, ulioanza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014 kisha ukasambazwa mikoa yote. Kabla ya hapo, kununua ndoo ya kunawia mikono kulihitaji barua kwenda wilayani, na barua ilikuwa na safari zake.

Kwa hiyo kwangu mimi jibu la #1 liko wazi. Kilimo hakina kituo. Shamba la darasa halina akaunti wala kamati inayotia saini. Huwezi kumshushia madaraka mtu asiye na mahali pa kuyapokelea.

#6 Wakili_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Maelezo ya Dada wa #5 yananigusa, kwa sababu kwetu historia ya akaunti ilikwenda kinyume. Kabla ya ugatuzi, kuanzia 2010, tulikuwa na mfuko ulioitwa HSSF uliopeleka fedha moja kwa moja katika vituo vya afya na zahanati. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 ilitaka mapato yote yaingie katika hazina ya kaunti, na katika kaunti nyingi hospitali zikalazimika kupeleka kila shilingi iliyokusanywa kwa hazina hiyo, kisha zikaomba kurudishiwa. Madaraka yalishuka kutoka Nairobi yakafika makao makuu ya kaunti, yakasimama hapo, na aliye chini zaidi akanyang'anywa alichokuwa nacho. Ilichukua hadi Oktoba 2023 kupata sheria ya kuviruhusu vituo vibaki na mapato yao.

Hivyo swali la ugatuzi halipaswi kuishia "ndiyo au hapana". Ni muhimu kuuliza umefika ngazi ipi. Gavana aliye kilomita 80 kutoka kwa mgonjwa anaweza kuwa mbali kama waziri.

#7 Mtoto_wa_Kitale

Wakili, umeacha kilimo. Huku kwetu kilimo chote kilikwenda kwa kaunti tangu mwaka 2010, mbolea ikiwamo, na magavana wakajenga masoko yasiyo na wachuuzi na kuwasahau maafisa wa nyanjani. Hilo ndilo jibu la uzi huu: wanasiasa wanapenda jengo la kukatiwa utepe, na ushauri wa kilimo haukatiwi utepe. Zahanati hukatiwa.

#8 Wakili_Nakuru

Hoja ya utepe naikubali, na ningependa iendelezwe. Ila tusahihishe mawili. Katiba ilipitishwa 2010, lakini kaunti 47 zilianza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Pili, Jedwali la Nne halikuzipa kaunti kilimo chote. Ufugaji, ukulima, machinjio na udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo ni vya kaunti, lakini sera ya kilimo ilibaki kwa serikali ya kitaifa. Mbolea ya ruzuku iliyoanza kuuzwa 2022 kwa shilingi 3,500 kwa gunia la kilo 50, kisha 2,500, ilitoka kwa serikali ya kitaifa. Kaunti zilisaidia kusajili na kusambaza, lakini bei haikuwa yao kupanga.

Hapo ninarudi kwa Karani wa #2. Kitu chenye kura nyingi, yaani mbolea, kilibaki juu. Kitu chenye kazi nyingi na kura chache, yaani kumfuata mkulima shambani, kilishushwa.

#9 Mzee_wa_Mufindi

Wanangu, mnazungumza kana kwamba mambo haya yalianza na wahisani. Ruhusuni mtu mzima arudi nyuma kidogo.

Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alitangaza Madaraka Mikoani. Nimesoma mahali pengine wakiyaweka pamoja na Azimio la Arusha la 1967, lakini ni mambo mawili tofauti. Serikali za mitaa zilivunjwa, watumishi wa wizara wakapelekwa mikoani na wilayani, na uamuzi ukawa wa wakuu walioteuliwa. Karatasini madaraka yalishuka, ila yalishuka pamoja na wenyewe. Mijini uchafu haukuzolewa, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 serikali ikazirudisha halmashauri za miji. Za vijijini zilisubiri sheria ya 1982 na kuanza tena 1984. Katikati ya hapo, 1976, vyama vya ushirika navyo vilivunjwa. Kwa hiyo mkulima alipoteza vyombo vyake vyote viwili ndani ya miaka minne, halmashauri na ushirika, ilhali zahanati ziliendelea kujengwa kipindi hicho hicho. Ukitafuta mahali njia mbili zilipoachana, mimi ningetazama hapo.

Nina jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kati ya 1983 na 1984 ulianza mpango wa lishe mkoani Iringa, ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia. Vijiji 168 viliingia awamu ya kwanza. Kila robo mwaka watoto walipimwa uzito kijijini, hadharani, na chati ikasomwa mbele ya kamati ya kijiji. Mtoto aliyekuwa chini ya mstari mwekundu hakuwa siri ya mama yake. Kamati iliuliza kwa nini. Mara ilikuwa malaria au kuhara. Mara mama alikuwa shambani tangu alfajiri na mtoto alikula mara mbili tu kwa siku, kwa hiyo kijiji kikaanzisha mahali pa kulishia watoto. Mara kaya haikuwa na chakula, na shamba la kijiji likatoa. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji vile.

Angalieni kwamba hatukuwa na kamati ya afya hapa na kamati ya kilimo pale. Ilikuwa kamati moja, ikianza na mtoto mmoja kwenye mzani. Kutenganisha kulikuja baadaye, kila wizara ilipokuja na fomu zake.

#10 Mtoto_wa_Kitale

Shikamoo, Mzee. Wengine wetu tulikuja hapa kubishana, na wewe umetugeuza wanafunzi. Naona hata Wakili amenyamaza, jambo ambalo mahakama za Nakuru hazijawahi kuliona.

#11 Mfugaji_Simanjiro

Nitapinga wote kidogo. Mnachukulia kwamba kushusha ni kuzuri na kwamba kilimo kimekosa bahati hiyo. Sisi wafugaji tumeshushiwa, nasi tunajua ladha yake.

Majosho ya serikali yalikuwa na mhudumu na dawa. Miaka ya mageuzi ya uchumi tuliambiwa kwamba majosho sasa ni mali ya jamii, tuyasimamie wenyewe na tuchangie dawa. Lilionekana kama jambo la heshima. Josho la kwetu lilifanya kazi kwa muda, kisha mwaka wa ukame watu wakahama na mifugo, mchango ukakatika, dawa ikapungua nguvu kwa sababu waliobaki waliizidisha maji, na kupe wakarudi na ndigana kali. Hatukupewa bajeti wala mtaalamu. Tulipewa mzigo wenye jina la madaraka. Tofauti ya afya na mifugo ni kwamba chanjo ya mtoto haikuwahi kusubiri mchango wa wazazi. Kama ingesubiri, mngekuwa mnaandika uzi mwingine.

#12 Mganga_Mstaafu

Mfugaji, umesema jambo zito, ila usisahau kwamba afya nayo ilichangisha. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, kaya ikilipa kwa mwaka na serikali ikiongeza kiasi kile kile, utaratibu tuliouita tele kwa tele. Kijiji kilichochanga zaidi kilipata zaidi. Na hapo ndipo palipokuwa na kasoro, kwa sababu wilaya maskini ilichanga kidogo ikaongezewa kidogo. Lakini josho la kwenu halikuwa na tele kwa tele hata hiyo yenye kasoro.

#13 Kivu_Yetu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Ndugu Mfugaji ameeleza maisha yetu. Nchi yetu ya Kongo iligawanywa katika zoni za afya tangu miaka ya 1980, na sasa ni zaidi ya 500, kila moja ikiwa na daktari mkuu wake, hospitali yake ya rufaa na vituo vyake. Kwa mchoro, huu ni ugatuaji ambao wengi wangeutamani. Kwa fedha, mgonjwa ndiye bajeti. Serikali ilipoondoka kwa miaka mingi, zoni zilidumu kwa malipo ya wagonjwa na misaada ya mashirika, na zilidumu kweli, hata wakati wa vita chanjo ziliendelea kutolewa. Ninaitaja hali hiyo kwa heshima ya wauguzi wetu. Lakini mama asiye na pesa anabaki nyumbani.

Kwa hiyo ninatilia shaka hoja ya Dada wa #5. Vituo vyetu vina kamati na vina mahali pa kupokelea. Kinachokosekana ni cha kupokea. Na kwa upande wa kilimo, mwanakilimo wa serikali kwetu hana hata usafiri, lakini akina mama hubadilishana mbegu za maharage kati yao kila msimu, na bila wao tusingekula. Pengine kilimo kimegatuliwa siku zote, na serikali ndiyo haijui.

#14 Marando

Maneno ya mwisho ya Kivu Yetu yamenisukuma niandike. Ninazalisha marando, yaani mashina ya kupandia, ya viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya machungwa vyenye vitamini A, na nina mfano unaojibu #1 na #9 kwa pamoja.

Kati ya 2010 na 2014 kulikuwa na mradi katika Bungoma na Busia, magharibi ya Kenya. Mama mjamzito akihudhuria kliniki alifundishwa lishe, kisha akapewa vocha. Vocha ile aliipeleka kwa mkulima jirani aliyefundishwa kuzalisha marando safi, akapewa mbegu, na mkulima akalipwa kwa vocha. Kliniki ilimleta mteja, mkulima akapata soko, na mama akarudi nyumbani na kitu cha kupanda. Hakuna ghala la wilaya lililohusika, kwa sababu marando hayawezi kukaa ghalani, yananyauka baada ya siku chache. Mbegu ya aina hiyo inakulazimisha kugatua.

Kwa hiyo ninapingana na Dada kwa upole: kilimo kinaweza kukitumia kituo cha afya kama mahali pake.

#15 Mzalendo_Njombe

Asanteni sana. Marando, nani alilipia vocha mradi ulipokwisha?

#16 Karani_wa_Ushuru

Nilitaka kuuliza hilo hilo, kwa sababu ndipo mifano hii mizuri inapofia. Kwa Tanzania kuna mlango mmoja. Tangu mkataba wa lishe wa 2017, kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani, na wakuu wa mikoa wanapimwa kwa hilo. Fedha hizo zipo katika bajeti. Mahali nilipofanya kazi zilikwenda zaidi katika matone ya vitamini A, semina na posho za vikao, yote chini ya idara ya afya, na idara ya kilimo haikuwa na dai lolote juu yake. Vocha ya marando ingeweza kulipiwa humo bila sheria mpya, ingawa sijaona mkurugenzi ambaye angejitosa bila waraka kutoka TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa.

#17 Dada_wa_Zahanati

Karani, matone hayo ninayatoa mwenyewe kila Juni na Desemba, na nisingependa yaguswe kwa ahadi ya viazi. Mtoto wa miezi 8 hawezi kusubiri shamba. Kamati yetu ingeweza kujaribu yote mawili, lakini kwetu kiangazi ni kirefu, na mwezi Oktoba hakuna marando hata kwa dawa. Mvua zikinyesha, kila mtu anapanda mahindi kwanza.

#18 Marando

Dada, kwa kiangazi kirefu usitunze marando, tunza viazi. Chagua viazi vidogo visivyo na fukusi, vipange katika beseni kwa tabaka za mchanga mkavu na uviweke ndani mahali pa kivuli. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vipande katika kitalu kilichozungushiwa uzio, uvimwagilie, navyo vitatoa machipukizi ya kukata mvua inapoanza. Maji yanayohitajika ni ya ndoo, mama mmoja anaweza.

Kuhusu vocha, mradi ulipokwisha wazalishaji waliokuwa karibu na soko waliendelea kuuza kwa fedha taslimu, na hilo linampa Karani nusu ya haki.

#19 Mfugaji_Simanjiro

Na waliokuwa mbali na soko je? Hao ndio ninaowauliza tangu #11.